Panya wa Ampia Arobaini

Nkunga
Jumanne, 25 Februari 2025

Mkamwana wangu Lusungu,

Mwagonile, mmeamkaje hapo Msasani ya Tukuyu? Sisi huku tumeamka, mvua nayo imeamka, na mpaka sasa hakuna aliyemshinda mwenzake.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi mwaka huu. Simu ninayo, lakini simu ni sauti, na tangu Nelson akuoe, miaka mitatu sasa, mimi na wewe tumeulinda mwiko wa ukwe kama tulivyoachiwa: nikija njia hii wewe unakatiza kwenye migomba, nisikuone, usinione, tusisemeshane. Vijana wanacheka. Wacheke. Ila wazee wetu, pamoja na hekima yao yote, walisahau kukataza barua. Nimechunguza sana nikaona hapo waliacha upenyo.

Shida yangu ni hii. Akina mama wa kanisani walinikabidhi mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa sababu niliwahi kutengeneza redio ya mchungaji ikaongea. Januari tuliweka mayai mia moja na ishirini. Siku ya kumi na moja umeme ukakatika mchana na usiku kucha. Niliyafunika kwa blanketi langu mwenyewe. Yakaviza yote. Mama Atupele, mwenyekiti wao, hakunilaumu. Alisema tu, "Pole Mzee Amoni," kwa sauti ile wanayotumia kwa mfiwa. Sasa wamekata shauri: mayai yakiviza tena, mashine inahamia kwa Ezron, jirani yangu, mwenye jenereta na mdomo. Nitakuwa napita mbele ya nyumba yake kila siku, nasikia vifaranga na yeye akivisimulia.

Kwa hiyo nimenunua betri ya volti kumi na mbili na inveta ya wati elfu moja na mia tano, ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Umeme wa nguzo utajaza betri, mashine itakula kwenye betri muda wote. Kufunga najua. Miaka ishirini na mbili kiwandani nilikuwa napima majani ya chai, lakini macho yangu yalikuwa kwa fundi umeme. Nisichojua ni fyuzi. Wewe umeisomea kazi hii, niambie niweke ya ukubwa gani. Mimi naona niweke kubwa kuliko zote, ili isinisumbue.

Nelson ningemuuliza, lakini yuko na lori lake huko Zambia, na kuhusu umeme mwanangu anajua kuwasha tu. Kuzima huwa anasahau. Mama yako naye yuko Kyela kwa binti yetu aliyejifungua, mpaka mwisho wa Machi. Niko mimi na mbwa wangu Kamanda.

Mayai mapya yanaingia Jumatatu. Posta yetu ni Muddy, muuza samaki wa hapo kwenu, anayepanda huku kwa pikipiki Jumanne na Ijumaa. Barua ikinuka dagaa uivumilie.

Baba mkwe wako,
Amoni


Msasani, Tukuyu
Ijumaa, 28 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Barua imefika, na dagaa wake. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, kwa hiyo naandika ya fyuzi.

Fyuzi hailindi mashine, Baba. Hailindi inveta wala mayai. Inalinda waya. Ni sehemu dhaifu tunayoichagua wenyewe, ili umeme ukizidi ikatike yenyewe kabla waya haujashika moto. Ukiweka fyuzi kubwa kuliko uwezo wa waya, basi waya wako ndio umegeuka fyuzi, na hutachagua utakatikia wapi. Pengine ni pale unapopita karibu na maranda ya kulalia vifaranga.

Naomba mambo mawili tu. Kwanza, unene wa waya unaotoka kwenye betri. Umeandikwa ubavuni kwake. Pili, orodha ya kila kitu kitakachochomekwa, na wati zake. Kila kitu, Baba, hata kidogo.

Na ile breka, swichi inayojikata, uliyong'oa kwenye mita ya zamani usiiweke upande wa betri. Hukuitaja, lakini najua unayo. Kila mzee ninayemfungia umeme anayo moja kabatini. Hiyo ni ya umeme wa nguzo. Umeme wa betri ni mbishi: breka hiyo ikijaribu kuukata, cheche inaendelea kuwaka humo ndani kama ugomvi wa ndugu. Ipo breka yake maalumu.

Mkamwana wako,
Lusungu


Nkunga
Jumanne, 4 Machi 2025

Mkamwana,

Breka nimeirudisha kabatini. Sijui nani amekwambia. Namshuku Muddy.

Waya ni wa milimita kumi. Orodha ni hii: mashine wati mia mbili, balbu tatu za wati tisa tisa, redio ndogo ya taarifa ya habari. Basi. Mimi ni mtu wa mahitaji machache.

Mayai mia moja na ishirini yameingia jana saa nne asubuhi, mbele ya akina mama wote. Mama Atupele aliomba sala ndefu, na sehemu kubwa ilinihusu mimi. Hesabu ni siku ishirini na moja, yaani Jumatatu ya tarehe 24. Ezron alipita akauliza kama nimenunua blanketi jingine.

Amoni


Msasani
Ijumaa, 7 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Hesabu yako nimeifanya hivi. Wati zako zote hazizidi mia mbili na hamsini. Gawanya kwa volti kumi na mbili, unapata ampia ishirini na moja. Inveta nayo ina mdomo wake, inakula kidogo njiani, tuseme ishirini na tano. Ongeza robo ili fyuzi isifanye kazi kwa kuhema: thelathini na moja na kidogo. Ukubwa wa dukani unaofuata ni arobaini. Waya wako wa milimita kumi unabeba arobaini bila jasho. Kwa hiyo arobaini, si zaidi.

Muddy anakuletea fyuzi tatu za ampia arobaini na nyumba ya kuzishikilia, nimezichagua mwenyewe dukani kwa Ikram. Moja ya kufunga, mbili za akiba. Ifunge upande wa chanya, isizidi kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Ukiiweka mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Baada ya inveta, kwenye umeme unaokwenda kwa mashine, weka ile breka yako ya kabatini kama ni ya ampia sita. Huko ndiko kwao.

Kwa mzigo huo fyuzi hii inapaswa kukaa mpaka vifaranga vya vifaranga.

Lusungu


Nkunga
Jumanne, 11 Machi 2025

Mkamwana,

Fyuzi yako imekatika.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa moja na nusu. Nilisikia "ta!" Balbu zikazima, mashine ikanyamaza. Niliweka ya pili ndani ya dakika nne, Kamanda ni shahidi. Joto halikushuka hata nyuzi moja.

Nimefanya uchunguzi. Kilichosababisha ni panya. Nimeona kinyesi chake nyuma ya kabati. Panya akikanyaga hapa na pale kwa wakati mmoja, si umeme unapita ndani yake? Nieleze wewe uliyesoma.

Jana usiku nimeyatazama mayai kwa tochi. Mia moja na nane yana mishipa ndani, kama ramani ya mito. Sijalala kwa furaha. Wewe linda tu hilo la fyuzi, huku kwingine nalinda mimi.

Amoni

Nimesahau: asante. Ndaga fijo.


Msasani
Ijumaa, 14 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Hongera kwa mia moja na nane.

Kuhusu panya nimefikiri kwa heshima yote. Panya akikanyaga chanya na hasi za betri hiyo hapati hata mtekenyo. Ili fyuzi ya ampia arobaini ikatike namna ile, panahitajika kitu kinachokula kama wati elfu moja hivi. Panya wa wati elfu moja angekuwa ameshakula mayai na Kamanda.

Kaza skrubu zote. Fyuzi ikilegea kwenye nyumba yake hupata moto ikakatika hata bila kosa. Kama ziko imara, basi naomba uisome tena ile orodha yako, taratibu, uone kama kuna kitu kiliruka mstari.

Muddy anakusifu sana. Anasema Jumapili, alipompandisha abiria huko, alikuona unakwenda ibadani na shati lenye mikunjo iliyonyooka mpaka unaweza kukatia mkate. Nilifurahi, maana najua Mama hayupo, na pasi ya mkaa ya hapo nyumbani Nelson aliniambia ilitoboka tangu yuko darasa la sita.

Lusungu


Nkunga
Jumanne, 18 Machi 2025

Mkamwana wangu,

Skrubu ziko imara. Orodha nimeisoma. Ni ileile.

Fyuzi ya pili ilikatika Alhamisi saa tisa alasiri, nikijiandaa kwa kikao cha wazee wa kanisa. Ya tatu Jumapili asubuhi. Ni panya mwenye ratiba, nakubali, lakini hata nyuki wana saa zao.

Usihangaike tena. Jambo limekwisha. Jumapili ile, akiba imeisha na ibada inakaribia, nilitumia akili ya kiwandani. Nimepata fyuzi isiyokatika. Ni imara, ya chuma kitupu, urefu inchi tatu, ina kichwa upande mmoja na upande wa pili imechongoka. Nimeibana kwenye ile nyumba ya fyuzi imekaa kama imezaliwa humo. Tangu hapo hakuna "ta!" wala nini. Wewe na Ikram mnaweza kuwashauri watengenezaji.

Waya unapata joto kidogo tu asubuhi za namna ile, kama kikombe cha chai. Na mimi chai naipenda.

Jumapili lilitoka jua, jambo la kuandikwa kwenye kalenda ya Rungwe. Mimi nilivaa koti mpaka mwisho wa ibada, kwa sababu zangu.

Zimebaki siku sita. Ukiweka sikio kwenye mashine unahisi kama humo ndani kuna watu wanapanga jambo.

Amoni


Jumatano, 19 Machi 2025
Nyuma ya migomba yako

Baba,

Shikamoo. Huo ni msumari.

Muddy anakupa karatasi hii mkononi. Leo hana samaki, amenibeba mimi. Niko hapa kwenye migomba ya upande wa barabara na mfuko wa vifaa, nimejitanda khanga mpaka machoni, sivunji mwiko wowote.

Naomba hivi. Zima inveta. Mtoe Kamanda. Toka kwa mlango wa uani, nenda migomba ya bondeni, kaa umeipa nyumba mgongo mpaka Muddy apige honi mara mbili. Nina nusu saa kabla mayai hayajaanza kupoa.

Tafadhali Baba, sasa hivi. Usimalize chai.

Lusungu


Nkunga
Ijumaa, 21 Machi 2025

Mkamwana wangu,

Sikumaliza chai. Ulipoandika "huo ni msumari" nilijua unajua, na ulipoandika kuhusu chai nilijua unanijua.

Nilikaa bondeni dakika ishirini na nane, jani la mgomba kichwani, mvua ikinipiga upande usiofunikwa. Sikugeuka hata mara moja. Lakini masikio hayana mgongo. Nilisikia koleo, nikasikia Muddy akisema "Mama yangu, tazama hii!" Sauti ile ilinitisha kuliko mvua.

Honi ilipopigwa nikarudi, nikakuta umeniachia mezani kile kipande cha waya. Ganda lake lilikuwa la kahawia, limelainika kama mkate uliochovywa. Kilipita vidole vinne tu kutoka kwenye maboksi ya maranda. Nilikikalisha mkononi muda mrefu. Mayai mia moja na nane, nyumba niliyomjengea mama yako, na mimi ndani yake nimelala, nikiamini nimewashinda watengenezaji wa fyuzi.

Basi nikwambie ukweli, kwa kuwa karatasi haioni haya. Kuna kitu kiliruka mstari kwenye orodha. Ni pasi ya umeme. Wati elfu moja, na kila ilipokata fyuzi nilimalizia kunyoosha kwa joto lililobaki. Niliinunua siku mama yako alipoondoka. Miaka arobaini amenipigia pasi yeye, hata hiyo iliyotoboka yeye tu anaiweza, na safari hii alipokuwa anapanda gari la Kyela alisema, mbele ya watu, "Mwezi huu mtamwona Amoni kama karatasi iliyookotwa." Watu walicheka. Ezron alicheka zaidi. Nikaapa nitaonekana. Na mzee wa kanisa hawezi kumwandikia mkamwana wake kwamba anapiga pasi. Hilo wazee hawakulisahau, walilikataza kabisa.

Nimeiona breka mpya uliyoweka karibu na betri, yenye kijiti cha kushusha na kupandisha. Nimeona pia soketi mpya ya pili ukutani. Sijui ni ya nini, sijaigusa. Naanza kuwa mtu mwingine.

Mwenye aibu,
Amoni


Msasani
Jumanne, 25 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Aibu haina kazi hapa. Mimi mwaka wa kwanza wa chuo niliunguza mita ya mwalimu.

Ile breka ni ya umeme wa betri, ampia arobaini ileile. Ikishuka, utaipandisha kwa kidole, hutatafuta tena chuma cha inchi tatu. Ila kabla ya kuipandisha, jiulize kwanza kwa nini imeshuka. Hilo ndilo somo lote, Baba, hayo mengine ni hesabu.

Soketi ya pili inakula umeme wa nguzo moja kwa moja, haipiti kwenye betri. Ni ya pasi. Umeme ukiwepo, piga pasi uwezavyo, mayai hayatajua. Umeme usipokuwepo, vaa koti.

Na kwa kuwa umenieleza ukweli, nami nikueleze. Ukiwa bondeni ulikuwa unaongea na Kamanda. Uliongea kwa sauti ya mtu anayepima majani ya chai mbele ya foleni. Ulimwambia, "Kamanda, sikia koleo hilo. Nelson hakuoa mke, ametuletea fundi. Na mimi miaka mitatu nimewaambia watu mkamwana wangu anauza vocha."

Muddy alitaka kupiga honi. Nikamwambia asubiri kidogo.

Jana ilikuwa tarehe 24. Sijalala. Tafadhali usinifiche hesabu.

Lusungu


Nkunga
Ijumaa, 28 Machi 2025

Fundi Lusungu,

Mia moja na tatu.

Wa kwanza alitoboa Jumapili jioni, nikamsikia kabla sijamwona. Jumatatu saa tano asubuhi, wakati wengine wanagonga maganda, umeme wa nguzo ukakatika kijiji kizima. Haukurudi mpaka saa tisa usiku. Jenereta ya Ezron iliwaka, ikakohoa, ikaishiwa mafuta. Kwangu balbu ziliwaka muda wote. Akina mama walikuja na miavuli kutazama. Mama Atupele alipiga magoti mbele ya mashine, nikadhani anaomba, kumbe anahesabu. Aliponyanyuka akasema, "Mashine inakaa hapa." Akamtazama Ezron, maana naye alikuwa amekuja, akasema tena kwa wasiosikia vizuri, "Hapa."

Watu wakauliza nani amefunga mtambo huu. Niwe mkweli, ulimi ulikuwa tayari umeinuka kusema "Mimi." Kamanda akanitazama. Nikasema, "Mkamwana wangu, Lusungu, fundi wa Msasani. Mimi niliweka msumari, yeye akautoa." Walicheka sana. Halafu wanne wakaomba namba yako, na wa kwanza kuomba alikuwa Ezron. Mtoze kama unavyowatoza wote, ila msomee ile habari ya "orodha ya kila kitu" mara mbili.

Jambo moja zaidi. Juzi umeme ukiwepo na mayai yameisha, niliichomeka pasi makusudi kwenye soketi ya betri. Breka ikashuka papo hapo. Nilitaka tu kuisikia inavyosema. Inasema "tak", kwa adabu. Nikajiuliza kwa nini imeshuka, nikajijibu, nikaipandisha.

Muddy anakuletea boksi lenye matundu. Ni vifaranga kumi, vyote vitakuwa mitetea, kwa macho yangu ambayo hayajawahi kukosea kuku. Kwa mila yetu, mkwe akimpa mkamwana kitu chenye uhai, wanaweza kukaa nyumba moja ukuta ukiwa katikati. Hiyo mila sikuikuta, nimeianzisha jana, lakini kila mila ilikuwa na siku yake ya kwanza. Mama yako anarudi kesho. Ukija Jumapili utakaa naye jikoni, mimi nitakaa sebuleni, na ukiwa na la kuniambia mwambie Kamanda.

Kuhusu pasi, mama yako hajui kitu, nimeificha nyuma ya kabati. Atakuta nguo zangu zimenyooka na hatajua kwa nini. Nataka nimwone anavyoshangaa. Hiyo ni siri ya watatu: wewe, mimi na Muddy. Kamanda namdhamini.

Baba yako,
Amoni


Msasani
Jumanne, 1 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Mitetea yote kumi ni mizima na ina kelele. Ndaga fijo. Asante pia kwa juzi Jumapili. Ndizi zilikuwa tamu, na ukuta ule hauzuii kicheko, nadhani ulisikia.

Naandika kwa haraka kwa sababu Muddy yuko mlangoni na pikipiki inaunguruma. Mama amenipigia simu asubuhi hii. Anafua. Amekuta shati lako la bluu limekunjwa chini ya godoro, na mgongoni lina alama ya kahawia, kubwa, pana huku na imechongoka kule, kama jani. Anataka kujua kutoka kwangu, kwa kuwa ninajua mambo ya umeme, ni kitu gani kinaweza kufanya alama ya namna hiyo kwenye nyumba yenye pasi ya mkaa iliyotoboka.

Nimemwambia ni panya.

Ameniuliza, panya gani?

Nimemwambia wa ampia arobaini, na kwamba wewe ndiye uliyemchunguza, kwa hiyo maelezo kamili yako kwako. Anakusubiri sebuleni. Vaa koti.

Binti yako,
Lusungu